Mafahali Niliowaandika Pembeni

Wenzangu wa Lodwar wakitaka kunikasirisha huniita Mama Fomu, na mimi hukasirika kweli, kwa sababu jina hilo nililichuma kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, mbele ya watu wa Kakuma, Bwana DO (mkuu wa tarafa), chifu, askari wanne na magunia ya mahindi. Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa sokoni na watu ambao hata hawakuwako, na kila msimulizi anaongeza lake (kuna anayesema nililia, sikulia), basi acha nikieleze mwenyewe, nikijiaibisha angalau nijiaibishe kwa usahihi.

Ilikuwa mwaka ule wa uchaguzi, sabini na nne. Mimi ni mtu wa upande wa Kitale, nimesoma mpaka kidato cha nne, na Lodwar nilifika kwa kumfuata mume wangu, fundi wa pampu za maji, ambaye siku ishirini za mwezi yuko porini na spana zake na siku kumi yuko nyumbani amelala. Simiyu wetu alikuwa na miezi saba. Nyumba ilikuwa ya mabati, na anayelijua joto la Lodwar anajua maana ya kukaa ndani ya mabati saa nane mchana na mtoto anayeota meno. Cheti changu cha shule kilikuwa chini ya sanduku kikiliwa na mchwa, na mimi nilikuwa naona kama tunaliwa pamoja.

Ndipo akaja bwana mmoja wa utafiti kutoka Nairobi, kijana wa ndevu na miwani, anatafuta mtu wa kwenda kuwauliza watu hamsini wa Kakuma wanamwonaje mbunge wao. (Siku hizo kumwuliza mtu anamwonaje mbunge ilikuwa kama kumwuliza anamwonaje mama mkwe, lazima kwanza atazame nyuma.) Majibu yangejumlishwa na ya wilaya nyingine yachapishwe gazetini kabla ya kura, nchi nzima ijue wananchi wanafikiri nini. Maswali yalikuwa matatu tu: mbunge amefanya kazi? Amefika kwenu mara ngapi? Utampa kura tena? Na sharti lilikuwa moja, akalirudia mpaka likanichosha.

“Usiandike jina la mtu, mama. Mtu akijua jina lake limeandikwa, hatakuambia ukweli.”

Nikamwambia bwana, mimi si mtoto, nimesikia.

Nikapanda lori la idara ya maji, Simiyu mgongoni, fomu kwenye kikapu, nikashuka Kakuma na vumbi mpaka kwenye meno. Mkalimani nilimpata siku hiyo hiyo, mama mmoja anayeitwa Akai, muuza maziwa, shanga zimepanda shingoni mpaka kidevuni. Kiswahili chake kilitosha. Kusoma alikuwa hajui. Ni yeye aliyenifundisha kwamba hapo huwezi kumwuliza mtu neno ukiwa umekuja mikono mitupu.

“Kwanza tumbaku,” akasema. “Pili unauliza mifugo. Mwanaume, unauliza fahali yake, atafurahi, ataongea mpaka jua ishuke. Ukianza na mbunge, atasema wewe ni polisi.”

Basi tukanunua tumbaku, tukakaa ukingoni mwa mto mkavu mahali wanaume hupumzikia, na kazi ikaanza. Ejok, ejok (ndiyo hujambo yao), tumbaku, fahali wako hajambo, na mtu anaanza kumsifu fahali wake, rangi yake, pembe zake, kengele ya shingoni, mwingine anasimama kabisa anainua mikono juu kuonyesha pembe zilivyopinda na kuimba, na mimi nabembeleza mtoto huku nikingojea wimbo uishe niulize habari za mbunge. (Wanawake walikuwa wachache, wengi wamekwenda mbali kuteka maji, kwa hiyo hapa ninazungumzia wanaume.)

Shida ilikuwa tumbaku. Mzee akishajibu anazunguka nyuma ya vichaka, anabadilisha namna ya kufunga shuka, anarudi amekaa mbele yangu kama mgeni. “Ejok!” Kufikia adhuhuri nilikuwa nimegawa tumbaku ya watu thelathini na fomu zilizojazwa ni ishirini. Jina siruhusiwi kuandika. Nyuso, nisamehewe, siku ile ya kwanza zilikuwa zinanichanganya, na jua, na mtoto analia.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, ambao hata leo nikiukumbuka nasimama katikati ya nyumba nasahau nilikuwa nafuata nini. Nikasema, jina nimekatazwa, lakini fahali si jina, fahali ni ng'ombe. Nikachukua penseli, na pembeni mwa kila fomu, hata zile ishirini za asubuhi ambazo nyimbo zake nilizikumbuka, juu kushoto, nikawa naandika fahali wa aliyejibu: mweupe, pembe ya kushoto imepinda. Mwekundu, masikio yamechanwa. Wa madoadoa kama twiga. Mtu akirudi mara ya pili namwuliza fahali wako yukoje, akianza tu kuimba namwambia mzee, wewe nimeshakula wimbo wako, nenda. Walicheka sana. Nilijiona nina akili kuliko waliotunga fomu.

“Unaandika nini hapo kwa kona?” Akai aliniuliza mara moja.

“Alama tu.”

“Sawa,” akasema. Na mimi sikuongeza neno.

Na kwa kila mmoja niliahidi. Kwa sauti, bila kuombwa! Niliinua karatasi juu nikasema hakuna atakayejua ni wewe uliyesema, hata Mungu akiisoma hii itabidi aulize. Akai akatafsiri, watu wakacheka, wakasogea karibu, wakafungua mioyo.

Aliyefungua kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa yule fahali mweupe, mrefu, nywele zimepakwa udongo wa buluu na unyoya wa mbuni umesimama juu yake, aliyewahi kufanya kazi ya kutengeneza barabara na akarudi na Kiswahili cha huko.

“Mbunge mimi naona mara moja,” akasema. “Yeye kuja na gari, kula mbuzi yangu, kusema pampu ya maji iko njiani. Mbuzi mimi najua ilienda wapi. Wewe, bibi ya fundi, pampu iko wapi?”

“Sijui, mzee.”

“Andika hiyo.”

Nikaandika. Na kura utampa tena? Akatema tumbaku kando. “Mbuzi imebaki moja,” akasema, na wote waliokuwa karibu wakaanguka kwa kicheko, nami nikaandika: Hapana.

Karibu wote walisema hapana. Nilirudi Lodwar na hamsini zangu kwenye kikapu, safi, za kweli, nikawa natembea mtaani kwetu Kanamkemer kama mtu aliyepandishwa cheo.

Hazikukaa siku nne. Jioni moja, kabla jua halijazama, nikasikia hodi, na mlangoni ni mwenyekiti wa tawi la chama, mwenye duka kubwa pale mjini, mzaliwa wa Kakuma huko huko, suti ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni, soda mbili mkononi za moto kama chai. Akakaa. Akamsifu mtoto. Akasifu hata bati.

“Mama Simiyu, nasikia umetufanyia kazi ya taifa kule kwetu.”

“Nimefanya kazi ya utafiti, mzee.”

“Ndiyo hiyo hiyo. Sasa mama, watu wetu wale ni wa porini, maswali hayo hawayaelewi. Mtu anasema hapana kumbe alitaka kusema ndiyo. Wewe ni msomi, unaweza kuwasaidia. Kazi ya dakika mbili na kifutio.”

“Walielewa vizuri kuliko mimi na wewe.”

Akatabasamu, akamwangalia Simiyu. “Mume wako ameajiriwa na nani?”

“Serikali.”

“Na mbunge ni mtu wa nani?”

Hapo damu ikanipanda. Nilimwambia mzee, kunywa soda yako, fomu sibadilishi hata herufi, na ukitaka kumfukuza mume wangu mfukuze, mimi nitarudi Kitale nikalime na yeye atakuja kushika jembe. Nilisema yote hayo na mtoto ananyonya. (Ningeishia hapo, leo ningekuwa natajwa kwa heshima. Shida yangu mimi sijui kuishia.)

Mwenyekiti hakukasirika. Alipiga makofi mawili mepesi. “Nimependa. Mtu mwaminifu namna hii hapa Lodwar hatuna. Basi hata kuziona tu? Nione watu wangu kama walijibu kwa adabu.”

Na mimi, kwa kiburi, kwa sababu nilikuwa nimeshinda na nilitaka aone ameshindwa na nani, nikatoa kikapu chini ya kitanda, nikamwekea fomu zote magotini.

“Tazama mpaka uchoke,” nikamwambia. “Jina humo halimo hata moja!”

Akafunua ya kwanza. Ya pili. Niliona haangalii majibu, anaangalia juu kushoto. Akaanza kuimba kwa pua, polepole, kama mtu anayekumbuka nyumbani. Mimi nikadhani amekubali yaishe. Akasema kazi safi namna hiyo Bwana DO angependa sana kuiona, nimwazime mpaka Ijumaa. Bwana wa Nairobi alikuwa haji kuzichukua mpaka wiki iliyofuata. Nikamwazima! Nikamfungia kwa kamba, mwenyewe, mafundo mawili.

Alhamisi akaniletea salamu kwamba kesho kuna baraza Kakuma, gari litanipitia, nikaone matunda ya kazi yangu. Nilishona lesi kwenye kola ya gauni. Niliwaambia majirani nitakaa jukwaani. Mama wa nyumba ya pili nilimwambia mara mbili, maana mara ya kwanza alionekana hajasikia.

Na kweli nilikaa jukwaani, kiti cha tatu, Simiyu mapajani, Bwana DO katikati akijipepea na kofia. Mbele yetu chini walikaa watu wa Kakuma, wengi, kwa sababu siku hiyo mahindi ya msaada yalikuwa yanagawiwa, na ukame wa mwaka ule sihitaji kuueleza kwa aliyekuwako. Watu hawakuja kusikiliza mtu. Walikuja na mifuko mitupu na watoto wenye nywele zilizogeuka rangi, na magunia yalikuwa yamepangwa kando ya jukwaa, askari wawili huku, wawili kule.

Mwenyekiti akasimama na kipaza sauti cha betri. Akanisifu. Akasema mama huyu msomi, bila kulazimishwa na mtu, amewaletea viongozi mawazo ya wananchi, tumpigie makofi. Nikainama kidogo, mnanielewa, kama bibi arusi. Halafu akafungua kamba, akaangalia karatasi ya juu, akaita jina moja refu kwa Kiturkana. Akaita la pili. La tatu. Kila jina likiitwa mwanaume mmoja anasimama polepole, anaangalia huku na huku, na mzee wa unyoya alikuwa wa kwanza. Mimi bado natabasamu. Nilimtafuta Akai kwa macho nikamwona ameketi mbele kabisa, kiganja chote kimefunika mdomo.

Mwenyekiti akageuka, akamweleza Bwana DO kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, kama mwalimu. “Sisi hapa, bwana, mwanaume ana jina la kuzaliwa na ana jina la fahali wake. La kuzaliwa analijua mama yake na karani wa kodi. La fahali linajulikana na kila mtu, ndilo tunaloitana. Mama ameandika hapa: mweupe, pembe ya kushoto imepinda. Basi ni Apalokwang, yule pale mwenye unyoya. Fahali wa namna hiyo Kakuma hii ni mmoja. Na hapa chini ameandika Apalokwang alivyosema juu ya mheshimiwa wetu.”

Sijui niwaelezeje. Masikio yangu yalianza kulia kama nzi kwenye chupa. Nilikuwa nimeandika majina ya watu wote wale kwa mkono wangu mzuri wa shule, na penseli nilikuwa nimeichonga. Simiyu naye akachagua dakika hiyo hiyo kunikojolea, gauni la lesi, joto likashuka mpaka kwenye viatu, na sikusogea.

“Hawa,” mwenyekiti akaendelea kwenye kipaza sauti, “wanasema hawajafanyiwa kitu. Basi. Mahindi haya yameletwa na serikali yenye mbunge wao. Wakae kando kwanza, wangoje ya watu wa Nairobi waliokuja kuwauliza.”

Walikuwa kama arobaini wamesimama, na nyuma ya kila mmoja kuna mke na watoto na mfuko mtupu. Apalokwang aliniangalia tu, wala si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka niliahidi nini hasa.

Nikasimama. Sikupanga. Nilimkabidhi chifu mtoto, chifu akampokea kwa mikono iliyonyooka kama anapokea kuni, nikamnyang'anya mwenyekiti kipaza sauti.

“Bwana DO,” nikasema, “karatasi hizo ni za uongo.”

“Za uongo vipi?”

“Nimezijaza mwenyewe. Jua lilikuwa kali, mtoto alikuwa analia, nikakaa hotelini nikanywa chai nikazijaza zote hamsini. Hakuna mtu hapa niliyemwuliza kitu.”

Mwenyekiti akakohoa. “Na mafahali? Hao umewajulia wapi?”

“Mzee, mtu akilala Kakuma usiku mmoja atakosa kuwajua? Kutoka asubuhi wanaume wa hapa wanaimba ng'ombe tu! Hata huyu mtoto wangu anawajua.”

Akai, bila kuombwa, akasimama akatafsiri, na sijui aliongeza nini kwa sababu watu walipasuka kwa kicheko mpaka askari mmoja akaficha uso. Bwana DO alikuwa anamwangalia mwenyekiti. Na mwenyekiti, nilimwona anapima. Akisema fomu ni za kweli, basi amemtangazia Bwana DO, kwa kipaza sauti, kwamba Kakuma haimtaki mbunge. Akisema ni za uongo, mbunge ni mzima, na mwongo ni mimi.

“Nilijua!” akasema. “Nilijua watu wangu hawawezi kusema maneno haya!”

Kutoka hapo mambo yalinikimbia. Nikaambiwa nirudie, nikarudia. Nirudie polepole watu wa nyuma wasikie, nikarudia. Bwana DO akataka barua, nikaiandika pale pale mezani, na jina langu kamili (la kwangu halikuwa na fahali wa kujifichia), kwamba mimi fulani, mke wa fundi fulani, nimetunga maoni ya wananchi kwa uvivu wangu. Mwenyekiti akaisoma mara tatu. Watoto wakaanza kuimba kitu, na hata bila mkalimani nilijua ni juu yangu. Lakini magunia yalifunguliwa, na mimi nilikataa kupanda gari mpaka nione mfuko wa mwisho umejaa, nimesimama juani na gauni lenye mkojo, nahesabu vichwa vyenye unyoya kimoja kimoja vikipita.

Apalokwang alipopata yake akaja mpaka karibu, mfuko begani.

“Wewe mama,” akasema. “Ile siku ya kwanza wewe ulidanganya mbaya. Leo umedanganya mzuri.” Akafikiri kidogo. “Lakini na karatasi usirudi.”

Fomu nilirudishiwa kama mtu anavyorudishiwa nepi chafu. Tuliziwashia moto wa chai, mimi na Akai, na maji yalipochemka akanigeukia.

“Wewe unajua kuandika,” akasema. “Mimi najua fahali. Mdomo unayo. Kwa nini hukuniuliza?”

Bwana wa Nairobi aliniandikia mistari minne, kwamba amesikitika kuwa sikufanya kazi kwa uaminifu, na Kakuma ikaachwa nje ya yale yaliyochapishwa. Mume wangu alirudi kutoka porini akapokewa stendi na kicheko, akaniuliza jambo moja tu, kama kweli nilikunywa chai hotelini siku nzima, nikamwambia kweli, maana wenye kujua ukweli wakiongezeka ungefika mahali pabaya. Alikuja kuujua baada ya kura. Na kura yenyewe, mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kusimama na penseli pembeni, ilimwangusha mbunge yule kwa kishindo. Nilikuwa na habari hiyo chini ya kitanda changu wiki nyingi kabla ya nchi nzima, na nilikuwa nimeapa mbele ya askari wanne kwamba si kweli.

Nimeapa tena, safari hii peke yangu: sitamwahidi mtu siri ambayo namna ya kuitunza siijui vizuri, na sitakwenda kwa watu kuwauliza mioyo yao kabla ya kuwauliza desturi zao. Bwana wa ndevu anaweza kuniita mvivu. Hasira yangu haiko kwake. Hasira yangu ni kwamba watu wale walikuwa na la kusema, walilisema vizuri, kwa kicheko, na mimi na mwenyekiti kwa pamoja tumewafundisha wasiseme tena. Siku hizi nikipita Kakuma na kumwuliza mtu hata mvua imenyesha, anatazama mikono yangu kwanza.

Mwezi uliopita mwenyekiti alinibishia hodi tena. Sasa ni mtu wa mbunge mpya, suti mpya, soda zile zile. Anasema mheshimiwa anataka kujua wananchi wanamwonaje, je, siwezi kwenda kuwauliza, kwa siri? Nikamwambia siwezi.

“Basi hata wewe mwenyewe, mama,” akasema, akatoa kalamu mfukoni. “Wewe binafsi unamwonaje mbunge wetu?”

Mbunge huyo sijawahi kumwona hata kwenye picha. Mume wangu alikuwa kazini, Simiyu alikuwa anachezea viatu vya mgeni. Niliiangalia ile kalamu.

“Mzuri, mzee,” nikasema. “Mzuri sana.”

Akaandika.